Tope la bwawa: tulitoe sasa au tusubiri?

SWALI: Shikamoo Mzee. Bwawa letu la kijiji hapa Mufindi limekuwa kijani tangu mwezi wa tisa, na alfajiri tunakuta perege wanaelea wamekufa. Kamati imechangisha hela za kukodi kijiko (mtambo wa kuchimbia) kitoe tope. Mwenyekiti anasema tope lote limwagwe kwenye vinyungu, bustani zetu za bondeni, ni mbolea ya bure. Mimi ndiye mweka hazina, nasita kulipa.
Msomaji, Mufindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na kamwene. Endelea kusita.

Perege hao pengine hawakuwekewa sumu na mtu. Mwani unaotia maji ukijani ukizidi, usiku unatumia oksijeni iliyomo majini, na alfajiri inakuwa imebaki kidogo mno. Chakula cha mwani huo ni fosforasi, ile ile ya DAP mnayopandia mahindi. Mvua huishusha bwawani pamoja na udongo, ikatulia kwenye tope ikiwa imeshikwa na chuma. Chini kukikosa oksijeni, chuma kinaiachia, nayo inarudi majini. Kwa hiyo mwenyekiti hajakosea kulilaumu tope.

Alichoruka ni mpangilio. Huko Sweden, Ziwa Trummen la mjini Växjö lilizibiwa majitaka mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini miaka kumi ikapita halijapona. Ndipo mwaka 1970 na 1971 wakanyonya tope, nusu mita kila mwaka, na fosforasi ikashuka sana. Maji yaliyochuruzika kwenye tope hayakurudishwa hivi hivi: yalituamishwa pembeni yakatiwa shabu. Nimetia shabu kwenye matangi ya maji mpaka nikastaafu, na bado napenda kuitazama inavyozamisha uchafu.

Sasa nyie, vinyungu vya nyanya viko umbali gani na maji? Na mabanda ya nguruwe? (Hukuyataja, ila Mufindi naifahamu.) Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni zisiguswe na shughuli za kuharibu chanzo. Hayo yakibaki pale pale, kijiko mtakikodi tena.

Mvua ziko mlangoni, kwa hiyo kazi ya tope ni ya kiangazi kijacho. Kijiko kisiingizwe kwenye maji, kitalivuruga tope na kuwamalizia samaki. Pateni kwanza kibali cha ofisi ya Bonde la Rufiji, Iringa, mpunguze maji polepole, tope likauke mpaka lipasuke, ndipo mchimbe. Mkifika kwenye udongo wa mfinyanzi, acheni hapo hapo. Ukitobolewa huo, bwawa litavuja.

Kuhusu mbolea ya bure: dawa za ukungu za nyanya nyingi zina kopa, yaani madini ya shaba, na kopa hujikusanya kwenye tope. Chukueni sampuli sehemu kadhaa za bwawa, mzipeleke TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, kabla ya kumwaga hata toroli moja shambani.

Na ng'ombe wasinyweshwe upande ambako upepo unasukumia ule utando wa kijani. Mwani wa namna hiyo mara nyingine una sumu ya ini.