Sukuma ina mabaka na imejikunja, nipulize dawa gani?

SWALI: Habari daktari. Sukuma wiki yangu hapa Limuru majani machanga yanatoka na mabaka ya kijani na njano, yamejikunja, na mimea mingine imedumaa kabisa. Nimepuliza dawa ya ukungu mara mbili, nikaongeza na busta. Sasa jamaa wa agroveti anasema ni virusi na ana dawa yake. Ninunue?

JIBU: Usinunue! Dawa ya kuponya virusi kwenye mmea haipo, na huyo anayekuuzia soma lebo yake vizuri, mara nyingi utakuta ni ya wadudu au ni mbolea ya majani tu. Hii biashara inanikera sana.

Kuhusu virusi jamaa anaweza kuwa amepatia, maana njaa ya naitrojeni huanza na majani ya chini, na ugonjwa wa uozo mweusi huingia kwa ukingo wa jani ukiacha alama ya V ya njano, yako si hivyo. Nashuku kirusi cha TuMV, ile mozaiki ya tanipu, lakini kuna pia CaMV, mozaiki ya koliflawa, na kwa macho huwezi kuzitenganisha, halafu zote mbili ziko Kenya na mmea mmoja unaweza kubeba zote. Picha ya simu haitoshi. Chuna majani machanga yenye mabaka, funga kwa karatasi, uliza afisa wa kilimo wa wadi akuunganishe na maabara ya KALRO (shirika la utafiti wa kilimo) au KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea), wapime kwa ELISA au PCR, vipimo vinavyoonyesha ni kirusi gani.

Wengine watakwambia basi ua vidukari, wale wadudu wadogo wanaosambaza virusi hivi, yaishe. Haiishi hivyo, kidukari akionja jani gonjwa sekunde chache tu ameshabeba TuMV mdomoni, anarukia mmea wa pili anauonja na kuuacha na ugonjwa kabla sumu yako haijamuua. Mnapuliza kila wiki mboga ambayo mtu ataila kesho kutwa, na ugonjwa bado unatembea.

Na wenye kunimaliza ni hawa wa kupanda machipukizi! Unavunja tawi kwa sukuma kuukuu ya jirani kwa sababu ni ya bure, kumbe umebeba virusi mpaka shambani kwako. Kwa mbegu TuMV haipiti, kwa hiyo ng'oa hizo zenye mabaka, usiache vile visiki vya zamani vimesimama, kisha otesha miche mipya kwa mbegu kwenye kitalu chenye neti, mbali na shamba la zamani.