Kabla ya Kusema Mpango Umefanikiwa: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Tathmini ya Athari

Wewe unayeingia sasa katika kazi ya kutathmini mipango ya kupunguza umaskini utakabidhiwa mapema taarifa zenye takwimu nyingi: walengwa waliofikiwa, vikundi vilivyoundwa, mbuzi waliogawiwa, akina mama waliohudhuria mafunzo. Takwimu hizo zina umuhimu wake, kwa kuwa fedha za umma na za wafadhili ni lazima zitolewe hesabu, lakini hazijibu swali uliloajiriwa kulijibu. Swali lako ni hili: maisha ya kaya hizi yangekuwaje leo kama mpango huu usingekuwapo? Hali hiyo ya pili haionekani kwa macho, wala hakuna dodoso linaloweza kuikusanya moja kwa moja. Inakadiriwa kwa kulinganisha tu, na karibu kila ushauri nitakaokupa unahusu namna ya kuujenga ulinganisho huo na kuulinda usiharibike.

Hatari ya kuukosa ilionekana wazi katika mradi wa Vijiji vya Milenia, ulioanzia Sauri, magharibi mwa Kenya, katikati ya miaka ya 2000, na kufika pia Mbola, mkoani Tabora. Vijiji hivyo vilipata mbolea, mbegu, vyandarua na huduma za afya kwa wakati mmoja, na hali zikabadilika kweli. Lakini Kenya yote ilikuwa ikibadilika katika miaka hiyohiyo: simu za mkononi zilikuwa zikienea hadi vijiji visivyokuwa na mradi wowote, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa vikipungua nchini kote. Mwaka 2012 watafiti wa mradi walichapisha katika jarida la Lancet dai kwamba vifo vya watoto katika vijiji vyao vilipungua kwa kasi kubwa kuliko ile ya kitaifa. Wachambuzi wengine walionyesha kwamba kasi ya kitaifa iliyotumiwa ilikuwa ya kipindi kirefu kilichopita, ilhali miaka ya karibuni vifo vilikuwa vimeshuka kwa haraka zaidi, na dai hilo likaondolewa. Ninautaja mfano huu kwa heshima, kwa sababu waliohusika walikuwa wataalamu wakubwa wenye nia njema. Ikiwa wao waliteleza hapo, wewe unayepewa data za "kabla na baada" za mradi mdogo wa wilaya moja unapaswa kuwa mwangalifu maradufu.

Kwa upande mwingine, ukitaka kuona ulinganisho uliopangwa tangu mwanzo, soma tathmini ya majaribio ya ruzuku ya fedha yenye masharti, kama vile kuhudhuria kliniki, yaliyofanywa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kabla Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini haujaenezwa nchi nzima. Vijiji 80 viliorodheshwa, na kwa kura 40 vikaingizwa katika mpango huku 40 vikibaki kuwa vya kulinganisha. Takwimu za msingi zilikusanywa mwaka 2009, malipo yakaanza 2010, na upimaji ukarudiwa 2011 na 2012. Jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka ni hili: hata katika vijiji vya kulinganisha, jamii ziliteua kaya ambazo zingepokea ruzuku kama zingekuwa katika mpango. Kwa hiyo kaya maskini ililinganishwa na kaya maskini iliyochaguliwa kwa utaratibu uleule. Tathmini nyingi ninazoletewa kuzipitia hulinganisha walengwa na majirani wasio walengwa, kana kwamba majirani hao hawakuachwa kwa sababu maalumu. Waliachwa kwa kuwa walionekana wana nafuu, na hakuna hesabu ya baadaye itakayoifuta tofauti hiyo kwa ukamilifu.

Utaulizwa, na pengine utajiuliza mwenyewe, kama ni haki kuwanyima watu msaada ili upate wa kulinganisha nao. Swali hili ni zito, na usilijibu kwa wepesi. Jibu langu ni kwamba fedha karibu siku zote huanza zikiwa hazitoshi. Wapo watakaopata mwaka huu na wapo watakaosubiri, mtathmini awepo au asiwepo. Ikiwa kusubiri hakuepukiki, kura ya wazi ni njia ya haki kuliko kuwaanza wenye jamaa ofisini au walio karibu na barabara ya lami. Katika wilaya ya Busia, nchini Kenya, shule 75 zilizopangiwa dawa za minyoo kuanzia mwaka 1998 ziligawanywa katika mafungu matatu yaliyoingia kwa zamu, na kila shule ilifikiwa hatimaye. Pale ambapo hitaji ni la kuokoa maisha na fedha zipo, usipendekeze kura. Tafuta njia nyingine ya kulinganisha, hata kama ni dhaifu zaidi.

Sasa nikueleze jambo ambalo lazima ulisimamie kwa ukali wakati wa kupanga, kwa sababu baadaye halirekebishiki: idadi ya vijiji ina uzito kuliko idadi ya kaya. Meneja wa mradi atakuambia kwamba badala ya kuhangaika na vijiji vingi vilivyotawanyika, ni afadhali kuhoji kaya 400 katika vijiji vinne. Kwa hesabu ya mafuta ya gari, yeye yuko sahihi. Lakini kaya za kijiji kimoja hupata mvua ileile, huuza mazao katika mnada uleule, hutegemea zahanati ileile na huongozwa na mtendaji yuleyule, kwa hiyo kaya ya mia unayoihoji katika kijiji hicho inakuongezea taarifa chache mno. Kama vijiji viwili vina mpango na viwili havina, basi kisima kimoja kuharibika, au mwalimu mkuu mmoja hodari kuhamishwa, kunatosha kuyageuza matokeo yako yote, na hutaweza kutenganisha tukio hilo na athari ya mpango. Ni bora vijiji 40 vyenye kaya kumi kumi kuliko vijiji vinne vyenye kaya mia mia, ingawa jumla ya kaya ni ileile. Fanya hesabu ya ukubwa wa sampuli mapema, ukitumia data za tafiti zilizotangulia kuona kaya za kijiji kimoja zinafanana kwa kiasi gani. Ukigundua kwamba bajeti haitoshi kuonyesha badiliko la ukubwa unaotarajiwa, sema hivyo kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Kuna miradi ambayo haifai kufanyiwa tathmini ya athari, na ufuatiliaji wa kawaida unaofanywa vizuri unaitosha.

Mipaka kati ya wanaopata na wasiopata nayo huvuja. Kule Busia, watoto walipotibiwa minyoo, maambukizi yalipungua pia kwa wenzao wa shule hiyohiyo ambao hawakumeza dawa. Kama ulinganisho ungekuwa kati ya mtoto na mtoto ndani ya shule moja, faida ingeonekana ndogo kuliko ilivyo, kwa sababu wa kulinganishwa naye alikuwa ameshanufaika. Vivyo hivyo katika kaunti ya Siaya, ambako zaidi ya kaya 10,000 zilipewa fedha taslimu zipatazo dola 1,000 kila moja, watafiti walifuatilia vijiji 653 na kubadilisha kwa makusudi kiwango cha vijiji vilivyopokea kutoka eneo hadi eneo. Waliona kwamba fedha zilizunguka: maduka na biashara ndogo ziliuza zaidi, kaya zisizopokea zilifaidika, na bei hazikupanda kwa kiasi cha kutisha. Jiulize tangu mwanzo ni kwa njia gani mpango wako unaweza kumgusa jirani, iwe kwa faida au kwa madhara, kisha uweke umbali au upange upimaji kulingana na jibu lako.

Wakati wa kupima pia una sehemu yake. Chamwino ina msimu mmoja wa mvua. Ukikusanya takwimu za msingi baada ya mavuno na za mwisho katika miezi ambayo maghala yako tupu, utauona umaskini uliosababishwa na kalenda. Tena, athari zenyewe hubadilika kadiri muda unavyokwenda. Katika majaribio yale ya TASAF, kwenda kliniki kuliongezeka mwanzoni, kisha katika upimaji wa mwisho kukapungua huku watu wakiugua mara chache kuliko hapo awali. Mtathmini aliyepima mara moja tu, mwanzoni, angesema mpango unawapeleka watu kliniki. Aliyepima mara moja tu, mwishoni, angeweza kusema masharti ya kwenda kliniki yameshindwa. Wote wawili wangekuwa na takwimu sahihi mkononi. Tathmini hiyo ilionyesha pia kwamba kaya zilizopokea zilielekea zaidi kujiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii na kuwanunulia watoto viatu. Kipimo cha viatu nakipenda sana, kwa sababu kinaonekana, hakimfedheheshi anayehojiwa, na kinaeleza jambo ambalo kila mzazi wa kijijini analielewa.

Nakuja kwenye mahojiano yenyewe, ambako tathmini nyingi zilizopangwa vizuri huharibikia. Anayepokea ruzuku anajua kwamba umaskini wake ndio uliomwingiza katika orodha. Akimwona mgeni mwenye kishikwambi ameshuka kwenye gari lenye nembo ya mpango, akiongozana na mtendaji wa kijiji, ataamini, na ana haki ya kuamini, kwamba majibu yake yanaweza kumwondoa. Atapunguza idadi ya kuku, atamficha mbuzi aliyenunua kwa fedha hizohizo, hatamtaja kijana anayemtumia fedha kwa simu kutoka Dar es Salaam. Yule wa kijiji cha kulinganisha naye anaweza kutia chumvi shida zake akitumaini kwamba mpango utafika. Wakificha kwa viwango tofauti, tofauti ile itasomwa kama athari. Kwa hiyo usiwatumie watumishi wa mpango kuwa wadodosaji, usiende siku ya malipo, na fanya mahojiano mahali ambapo mwenyekiti wa kitongoji hasikii. Msalimu mzee kwa heshima yake, kaa pale anapokukaribisha, mweleze kwa lugha nyepesi kwamba jibu lolote halitaathiri malipo yake, na kwamba anaweza kukataa swali lolote. Kisha hakikisha kwamba maneno hayo ni ya kweli, yaani orodha yenye majina haifiki kwa wanaoamua nani abaki katika mpango.

Wadodosaji wafunzwe kwa siku za kutosha juu ya mambo yanayoonekana mepesi. Neno kaya, kwa mfano, huleta mabishano kila nilikofanya kazi: mume mwenye wake wawili wanaopika vyungu tofauti, bibi anayelea wajukuu ambao wazazi wao wako mjini, kijana anayelala kwake lakini anakula kwa mama yake. Kama wadodosaji wa kundi moja watawahesabu kaya moja na wa kundi jingine kaya mbili, matumizi kwa kila mtu yatatofautiana bila mtu yeyote kupata wala kupoteza kitu. Wachanganye wadodosaji ili kila mmoja afanye kazi katika vijiji vya aina zote mbili.

Na wanaohama usiwaache. Utafiti wa muda mrefu wa Kagera, ulioanza mwaka 1991 na kaya zaidi ya 900, uliwatafuta watu walewale mwaka 2004 popote walipokuwa, hata waliokwenda Mwanza, Dar es Salaam au Uganda. Ilibainika kwamba matumizi ya waliohama yalikua kwa asilimia 36 za nyongeza kuliko ya ndugu zao waliobaki. Kama watafiti wangeishia kuwahoji waliowakuta kijijini, wangeandika historia ya wale ambao maisha yao hayakubadilika sana. Chukua tangu siku ya kwanza namba za simu za ndugu na majirani kadhaa wa kila kaya, kwa ridhaa yao, na utenge fedha za kuwafuata waliohama. Ruzuku yenyewe inaweza kuwa sababu ya mtu kupata nauli ya kuondoka, na hapo waliopotea katika kundi linalopokea hawatafanana na waliopotea katika kundi jingine.

Unapofika kwenye uchambuzi, uwe umekwisha kuandika na kuweka tarehe ni matokeo yapi utakayoyapima na kwa makundi yapi ya watu, ili usije ukatafuta hadi upate linalopendeza. Lakini wastani peke yake usikutosheleze. Katika majaribio ya KiuFunza, yaliyofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi 350 za Tanzania, ruzuku iliyopelekwa shuleni peke yake haikuinua ujifunzaji, wakati ruzuku ikiambatana na bonasi ya walimu kwa kila mwanafunzi aliyefaulu iliuinua. Ripoti inayosema tu kwamba "fedha hazisaidii shule" ingekuwa imeipotosha wizara. Matokeo ya sifuri yanastahili kuelezwa kwa uangalifu uleule unaoelezea mafanikio: je, fedha zilifika, zilitumikaje, nani alikosekana?

Hifadhi data, dodoso na amri za kompyuta ulizotumia katika uchambuzi kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kurudia kazi yako. Data za Busia zilipofunguliwa, watafiti wengine walizichambua upya na mwaka 2015 wakachapisha makosa waliyoyaona, hasa katika hesabu za faida iliyovuja hadi shule nyingine zilizo mbali kidogo, na mjadala mkali ukafuata. Wanafunzi walewale waliendelea kufuatiliwa, na baada ya miaka 20 waliopata dawa kwa muda mrefu zaidi walikuwa na mapato kwa saa ya juu kwa asilimia 13. Ningependa kila tathmini katika nchi zetu iwe wazi kiasi hicho.

Ripoti ikishapokelewa na mfadhili, kazi haijaisha. Rudi katika vijiji vyote, vya mpango na vya kulinganisha, omba mkutano wa hadhara, na ueleze bila majina kile kilichoonekana, pamoja na kile ambacho mpango haukuweza kukibadilisha. Watu wa vijiji vya kulinganisha wametoa saa zao nyingi bila kupokea chochote, na swali lao la kwanza litakuwa lini zamu yao inafika. Nenda ukiwa umekwisha kupata jibu la maandishi kutoka kwa wenye mpango. Fedha za mikutano hiyo ziwekwe katika bajeti ya mwanzo kabisa, kwa kuwa mwishoni mwa mkataba huwa hakuna kilichobaki hata cha mafuta ya gari.