Mafuta ya nazi yamepanda, mawese yananiharibia sabuni. Nifanyeje?

Swali: Natengeneza sabuni za kipande hapa Nakuru. Kwa kilo 10 za mafuta nilikuwa natia kilo 3 za nazi na kilo 7 za mawese, pamoja na kostiki soda gramu 1,465. Mafuta ya nazi yalipopanda kupita uwezo wangu niliyaacha, nikatia mawese matupu kilo 10, mengine yote yakabaki vilevile. Sabuni imetoka ngumu, povu hafifu, na wateja wawili wanasema inawawasha mikono. Je, mawese yanayoletwa nchini siku hizi ni mabovu? Na bei ya nazi itashuka lini?

Jibu: Dada, pole sana. Nianze na mikono ya wateja wako, kwa sababu mambo ya bei yanaweza kungoja. Tafadhali usiuze kipande kingine cha sabuni hiyo, na vile ulivyokwisha kuuza jaribu kuvirudisha.

Mawese yako hayana kosa. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Kilo moja ya nazi inakula gramu 183 hivi, lakini kilo ya mawese inakula 142 tu. Kwa hiyo kilo 10 za mawese matupu zinamaliza gramu 1,420, nawe ulitia 1,465. Zile gramu 45 hazikupata mafuta ya kushikana nayo, zikabaki ndani ya sabuni. Ndizo zinazowasha. Ukiacha akiba ya asilimia 5 ya mafuta, yaani mafuta ambayo kostiki haiyafikii, kama ulivyokuwa ukifanya awali, mawese matupu yanahitaji gramu 1,350.

Sabuni uliyonayo inaweza kuokolewa. Vaa glavu, ikwangue yote, iweke kwenye sufuria isiyo ya alumini pamoja na maji kidogo, ongeza gramu 860 za mawese kwa kila kilo 10 za mafuta ulizoanza nazo, kisha pika kwa moto mdogo ukikoroga mpaka uji uwe wa rangi moja. Haitapendeza kwa macho, lakini haitamchoma mtu.

Povu ni jambo lingine. Nazi ina asidi ya lauriki karibu nusu yake, na hiyo ndiyo inayoleta povu jingi na la haraka. Mawese hayana kitu hicho kwa kiasi cha maana, ndiyo maana povu lake ni dogo na zito. Ila mchikichi hutoa mafuta mawili. Mawese hutoka kwenye nyama ya tunda, na mafuta ya mise hutoka kwenye kiini kilicho ndani ya kokwa. Mise yana lauriki karibu sawa na nazi. Hayo ndiyo ningekushauri. Rudi kwenye kilo 3 na kilo 7, weka mise mahali pa nazi, na ushushe kostiki iwe gramu 1,445 kwa akiba ileile ya asilimia 5, kwa kuwa mise yanakula 176 kwa kilo.

Sasa bei. Mwaka 2023 tani ya mafuta ya nazi katika soko la dunia ilikuwa kwa wastani karibu dola 1,100. Kufikia katikati ya 2025 ilikuwa imepita dola 2,500. Ukame wa El Niño wa 2023 na 2024 uliipiga minazi ya Ufilipino na Indonesia, na kwa kuwa ua la mnazi huchukua mwaka mzima hivi kufika nazi iliyokomaa, madhara yake yalikuja kuonekana baadaye. Ufilipino nayo, kuanzia Oktoba 2024, iliongeza kiasi cha mafuta ya nazi yanayochanganywa kwenye dizeli, kutoka asilimia 2 hadi 3. Sisi tunaonunua kwa mitungi hatukuliona pigo mara moja, nadhani kwa sababu shilingi yetu iliimarika katika 2024, kutoka karibu 160 kwa dola mwezi Januari hadi 130 hivi. Kupanda kwa nazi kulijificha humo kwa miezi kadhaa.

Mawese yana mwendo wake. Mengi tunayotumia Kenya hutoka Indonesia na Malaysia, yanashushwa Mombasa, kisha yanapanda kwa lori hadi kwako Nakuru na kwetu Kisumu. Indonesia ilipofunga mauzo ya nje kwa wiki tatu na ushee, Aprili hadi Mei 2022, Kisumu tulihangaika kupata hata mtungi mmoja. Nchi hiyo sasa inachoma mawese mengi kwenye dizeli, mwaka 2025 ilipandisha kiasi kinachochanganywa humo hadi asilimia 40, nayo michikichi mingi ni mizee na kupanda upya kunakwenda polepole. Sitarajii mawese ya bei ya chini kama ya zamani. Mise nayo hufuata nazi inapopanda, kwa kuwa viwanda vinahama kama wewe unavyohama, ingawa kwa kawaida hubaki chini yake. Kwa hiyo usijenge hesabu zako juu ya kungojea nazi ishuke. Ukibanwa, punguza mise hadi kilo 2 na uongeze mawese hadi kilo 8. Povu litapungua kidogo tu, na kostiki itakuwa gramu 1,413.

Neno la mwisho ni kuhusu mtungi, kwa sababu Nakuru kuna baridi. Mawese yakikaa hujitenga, mazito yanashuka chini na mepesi yanabaki juu. Niliwahi kuuziwa nusu mtungi uliomiminwa kutoka juu bila kukorogwa, na sabuni ya wiki ile ilikuwa laini hata kidole kilizama. Hakikisha mtungi mzima umewekwa kwenye maji ya moto mpaka yote yayeyuke na kuona chini, ukorogwe, ndipo upime chako kwa mizani.