Katibu, usilibandike tangazo hilo la kukausha korosho

Ulivyoliandika: "Wakulima mnakumbushwa kukausha korosho ipasavyo ili kulinda ubora." Mkulima wa Tandahimba akilisoma, kesho asubuhi afanye nini? Umeuliza pia kama lipitie kipaza sauti au kundi la WhatsApp. Ngoja kwanza hiyo "ipasavyo" itoke.

Mmoja ataanika siku moja, maana ganda la nje amelishika limekauka. Mwingine siku nne. Wote wametii tangazo! Yule wa siku moja anafunga gunia, unyevu uliobaki ndani unaleta joto na ukungu, mzigo unashushwa daraja au unarudishwa kutoka ghalani, na nauli ameshalipa. Halafu analaumiwa yeye, wala si aliyeandika.

Andika hivi: "Zungusha korosho mpaka ing'oke kwenye bibo (tunda lake), isibaki nyama. Anika juani siku 2 hadi 3, kwenye sakafu ya saruji au jamvi, zisipandane. Geuza asubuhi, mchana na alasiri. Jioni funika, zisipate umande. Kabla ya kufunga, tikisa konzi moja: zitoe mlio mkavu. Bonyeza ganda kwa ukucha: likiacha alama, rudisha juani. Tumia gunia la katani, si la plastiki."

Mkulima ana jua, sikio na ukucha. Mpe vipimo vya hivyo. Asilimia ya unyevu bila kifaa haimsaidii.

Wanaonikera ni wale wa semina wanaowaaminisha makatibu kwamba "zingatia", "kwa wakati" na "kiasi cha kutosha" ndiyo lugha ya ofisi. Maneno hayo yanamkinga anayeandika: jambo likiharibika, hakuna alichosema. Wengine wanakimbilia mapambo, eti "korosho zing'ae kama dhahabu". Nayo haipimiki.

Neno ambalo watu wawili wanaweza kulitekeleza tofauti, lifute. Msomee mtu ambaye hakuwa kikaoni, aeleze atakachofanya. Akiuliza "lini?" au "kiasi gani?", sentensi haijaisha.

Na lile tangazo la salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu kwenye mikorosho, uliloambatanisha, "pulizeni mapema kwa kiasi cha kutosha", lina ugonjwa uleule. Mapema ni alfajiri, upepo umetulia na majani yana umande, vumbi ligande. Kiasi ni gramu 250 kwa mti mkubwa, kisha unarudia baada ya siku 14. Yaandike upya yote mawili kabla hujamkabidhi mpiga mbiu.