Siku mbili kabla ya shoo ya Queen: madogo, nisikilizeni kwanza

Juzi Jumanne jioni nilipita pale ukumbini kuwaona mkifanya mazoezi ya shoo yenu ya nyimbo za Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza. Nilikaa viti vya nyuma karibu na fundi mitambo, nikasema nakaa dakika kumi tu, nikajikuta nimekaa masaa mawili. Mnapiga vizuri jamani, mnapiga kuliko sisi tuliokuwa bendi ya chuo kabla yenu, naanza na hilo msije mkasema kaka kaja kutuponda. Wa dramu ana mkono, wa kinanda anajua anachofanya, kwaya imeshiba. Ila kuna kitu nimekiona mle ndani kimeninyima usingizi, kwa sababu ni kilekile tulichokifanya sisi mwaka wetu, kilekile kabisa, na shoo yenu ni Jumamosi. Kwa hiyo naandika, na mkiona nimepandisha sauti mjue nawapenda.

1. Orodha ya nyimbo ni ndefu mno. Nimehesabu 19 kwenye ile karatasi mliyobandika ukutani. Tarehe 13 Julai 1985 kwenye tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, London, Queen walipiga kama dakika 21 tu mbele ya watu 72,000, na mpaka leo watu wakiongelea shoo kali wanaitaja hiyo. Hata Bohemian Rhapsody hawakuumaliza, walipiga kipande cha mwanzo cha piano wakahamia Radio Ga Ga. Nyie mna ukumbi wa chuo, mna mgeni rasmi ambaye atachelewa, mna mlinzi atakayezima taa saa nne kamili. Chagueni tisa. Hizo nyingine pigeni mwakani.

2. Kile kipande cha opera cha Bohemian Rhapsody. Naona mmepanga kwaya iimbe laivu chote, watu 26 kwa maiki tatu. Mnajua Queen wenyewe walifanyaje? Mwaka 1975 walipourekodi, ule ukuta wote wa sauti ni watu watatu tu, Freddie Mercury mwimbaji, Brian May wa gita na Roger Taylor wa dramu, wanaimba, wanarudia, wanaimba tena juu ya zile za kwanza kwenye mkanda wa treki 24. Jukwaani walikuwa wanaacha mkanda upige opera, wao wanatoka, taa zinacheza, halafu wanarudi kwa kishindo pale gita linapoingia. Hawakuona aibu. Kwa hiyo irekodini kwaya yenu kesho, kwenye chumba chenye mapazia, sauti moja moja, mpeni fundi mitambo, siku ya shoo wao wasimame waimbe juu yake. Kazi ni ya kwaya bado na itasikika.

Na hapohapo, pale kwenye neno Bismillah, nimewaona watu wanachekacheka. Acheni. Mwaka wetu dada mmoja wa sauti ya pili alisimamisha mazoezi akauliza, hili tunaliimba kama utani au tunaliimba kama neno? Kwaya ilikuwa mchanganyiko, wa kanisani wapo, waliokulia madrasa wapo. Mimi nilitaka tuendelee maana muda umeenda, ila yule dada alikaa chini kwenye ngazi ya jukwaa akagoma, basi tukakaa wote. Tuliongea nusu saa. Tukakubaliana asiyetaka anyamaze pale bila kuulizwa, na anayeimba aimbe kwa adabu, uso umetulia. Nilikuwa na hasira na ile nusu saa, leo nikiikumbuka naona ndo ilitufanya tukawa kwaya.

3. Sauti ya mwimbaji. Hapa ndo ntakaa, mtanivumilia.

Nilimhesabia mwimbaji wenu. We Are the Champions ameiimba mara sita, zote kwa sauti kamili, na ya sita ilishaanza kukwaruza. Mnamuua, na yeye anajiua kwa sababu anaona akiimba chini chini mtasema hana moto. Mazoezini mwimbaji anaimba nusu sauti, noti za juu anazishusha, sauti kamili mara moja tu ili fundi apate levo, basi. Freddie mwenyewe alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti na jukwaani alikuwa anazishusha noti nyingi za juu, na zile za juu kabisa mnazosikia kwenye opera ni za Roger Taylor, mpiga dramu. Sasa nani kawaambia dogo wa miaka 21 ndo azitoe zote, kila siku, mara sita?

Nawaambia hivi kwa sababu mimi nilimkausha mwimbaji wangu. Nilikuwa mwaka wa tatu, nimepiga solo gita na mimi ndo kiongozi wa bendi, na niliutaka Bohemian Rhapsody utoke kama rekodi. Alhamisi mpaka saa nne usiku. Ijumaa mpaka saa tano. Kila akiniomba apumzike namwambia mara ya mwisho, na baada ya ile ya mwisho kuna nyingine. Jumamosi asubuhi akaamka anaongea kama mlango usiotiwa mafuta. Tukampa tangawizi, asali, ndimu, maji ya moto, wapi.

Saundi cheki ilikuwa saa tisa. Saa kumi tukaamua kushusha kii, yaani noti ambayo wimbo mzima unasimamia, tone moja nzima, kutoka B bemoli kwenda A bemoli. Mpiga kinanda akabonyeza transpozi, kile kitufe cha kuhamisha kii, akaweka minus mbili, kwake kazi imeisha. Mimi nikahamisha mkono fureti mbili, vile vyuma vya kwenye shingo ya gita. Kwaya walikuwa wamesoma kwa solfa, do re mi, kwao do ni do, wanaanzia chini kidogo tu. Tukajaribu mara mbili ikakubali, mwimbaji akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Mpiga besi hakuwepo. Hakuwepo kwa sababu mimi ndo nilimtuma Kariakoo, kebo ya gita langu ilikuwa inakwaruza, jeki imelegea, na yeye ndo aliyekuwa anamjua fundi mwenye kebo nzuri. Akapanda daladala saa nane, akakwama kwenye foleni, akarudi saa kumi na mbili na nusu, watu wameshaanza kuingia ukumbini. Namwona mpaka leo, shati limemgandia mgongoni, kanipa kebo mkononi, kanipa na chenji, shilingi mia tano. Nikamwambia, "Fanya fasta, kavae." Hilo ndo neno nililomwambia. Mimi nilidhani kinanda kamwambia habari ya kii, kinanda alidhani mimi nimemwambia, na kwaya hawakujua kama kuna mtu wa kuambiwa.

Ulikuwa wimbo wa nne. Mwanzo ule wa sauti tupu ukatoka safi, watu wakapiga kelele, piano ikaingia safi. Halafu besi akaingia, B bemoli, kama tulivyofanya wiki tatu, juu ya piano iliyoko A bemoli.

Nyie mnajua noti mbili zinazopishana tone moja zinavyosuguana huko chini kwenye besi, haisikiki tu, inatetemesha kiti. Akaangalia mkono wake. Akadhani gita limelegea, akashika kigingi cha kukazia, akakaza, ikawa mbaya zaidi. Akapanda fureti moja, akashuka. Kuna watu wakapiga mluzi. Mwimbaji na ile sauti yake ya kuokoteza akaanza kupotea naye, anamtafuta besi, besi anamtafuta yeye.

Na mimi, sikilizeni hapa, mimi mikono yangu ilikuwa mitupu. Gita la solo halijaingia pale, mnajua wenyewe, nilikuwa nimesimama tu. Hatua tatu mpaka alipo. Maneno mawili sikioni, "tumeshusha tone," na kwa sikio lile alilokuwa nalo angeishika palepale. Sikuzipiga zile hatua. Niligeuka nikamtazama, nikatikisa kichwa, mbele ya ukumbi mzima, ili watu waone anayeharibu ni nani na siyo mimi.

Akakielewa kile kichwa. Akashusha kitufe cha sauti mpaka sifuri, akaendelea kupiga besi isiyosikika mpaka mwisho wa wimbo, vidole vinatembea, macho chini. Solo yangu nikaipiga vizuri. Watu walishangilia.

Tulipotoka mlezi wa klabu akauliza pale mwanzo kulikuwa na nini. Nikajibu, "Besi alipotea." Maneno mawili, nilikuwa nayo hayo. Besi mwenyewe alikuwa kasimama nyuma ya spika anakunja kebo, ileile ya Kariakoo, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya begi langu, akaondoka. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini, na hakuja tena. Watu wa mwaka wa kwanza wakawa wanahadithiana habari ya yule besi aliyepoteza kii, na mimi nipo palepale nasikia.

Nilimwambia ukweli baada ya miezi mitano, tunakaribia mitihani ya mwisho, kwenye kibanda cha chipsi nje ya geti. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Kinanda aliniambia usiku uleule. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Basi juzi naangalia, mwimbaji wenu kakwaruza, mkasema tushushe Somebody to Love nusu tone, kinanda akabonyeza, gita akasogea, wote mkaitikia sawa, na mimi kupitia dirishani namwona besi wenu yuko nje analipia katoni ya maji ya kwaya nzima. Mlipiga raundi ile bila besi na hakuna aliyegeuka kuuliza. Mnapiga nyimbo za Queen jamani! John Deacon, mpiga besi wao, alikuwa kimya kuliko wote, kwenye kwaya za studio hakuwa anaimba, na ndo huyohuyo aliyewaandikia Another One Bites the Dust na I Want to Break Free. Alisoma elektroniki chuo cha Chelsea, akaokota saketi kwenye takataka, akatengeneza amplifaya ndogo, Brian May akaitumia miaka na miaka studio. Unampigia saluti vipi Freddie halafu humhesabu besi?

Kwa hiyo mkibadilisha chochote, kii, mpangilio, nani anaanza, mnasimama kimya mnahesabu vichwa. Asiyekuwepo anasubiriwa au anapigiwa simu. Kwenye grupu la WhatsApp siyo kuambiwa, watu hawasomi. Kila mtu aitaje kii mpya kwa mdomo wake. Na iandikwe kwa maka kubwa kwenye karatasi, igandishwe sakafuni mbele ya mguu wa kila mmoja.

4. We Will Rock You. Ule wimbo hauna dramu kabisa kwenye rekodi, ni miguu na makofi, na gita mwishoni. Watu watapiga makofi wenyewe, shida ni kwamba ukumbi wenu ni mrefu, ukiwa na mita 34 sauti ya nyuma inakufikia imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Dogo wa dramu, usiwafuate. Ukiwafuata wanachelewa, nao wanakufuata wewe, mpaka mwisho wimbo umekuwa wa msiba. Shika mwendo wako, tazama miguu ya mwimbaji.

5. Umeme ukikatika ukarudi, vinanda vingi vinarudi transpozi sifuri. Kinanda, angalia skrini kabla hujagusa noti. Luku ijazwe Ijumaa. Maiki zisizo na waya betri mpya, siyo za juzi.

6. Ule utangulizi wa MC. Najua mnaona fahari, na mimi naona fahari, Freddie Mercury ni Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Semeni hivyohivyo kwa sentensi tatu. Kurasa nne za nini? Kama kuna la kuongeza, waambieni wenzenu wa mwaka wa kwanza kwamba Queen ilianzia kwa wanachuo: Brian May alikuwa Imperial anasoma fizikia, Roger Taylor kaanza na udaktari wa meno, Freddie katoka chuo cha sanaa Ealing, Deacon ndo huyo wa Chelsea. Walibeba vyombo vyao wenyewe. Nimeona kwenu juzi spika zinabebwa na watu wawili wakati wengine kumi wanapiga selfi, hebu shikeni spika.

La mwisho. Jumanne nilipotoka nilimkuta besi wenu bado pale nje na ile katoni. Nikamwambia, Somebody to Love sasa ni G. Akashangaa, akasema mbona hawajaniambia, nikamwambia ndo nakwambia. Tukaibeba katoni wote wawili mpaka mlangoni.

Na Jumamosi siji peke yangu. Kuna mtu anatoka Dodoma na basi la asubuhi, mara ya mwisho kuingia ukumbi ule ni usiku ule niliowasimulia. Nimemuomba, kakubali. Muwekeeni kiti upande wa kulia, karibu na spika ya besi.