Hesabu za kinu kwenye kompyuta: anza na nakala

Mama, nimekuelewa: kinu chako cha unga hapo Kampemba, Lubumbashi, kinakua, mwanao anataka stoo na madeni viingie kwenye kompyuta, nawe unaogopa kupoteza vyote siku moja. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2017 virusi vya NotPetya viliangusha kompyuta za Maersk, kampuni kubwa ya meli za mizigo, dunia nzima. Nakala moja muhimu ilipona Ghana kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, kompyuta yake ikawa imezimika na virusi havikuifikia!

Hamia, ila anza na stoo tu. Kila jioni nakili kwenye diski ya nje, ichomoe, nenda nayo nyumbani. Mimi niliiacha imechomekwa, virusi vikaifikia nayo. Madeni ya miezi minne yakapotea. Virusi vikifunga faili zako ukadaiwa pesa ili zifunguliwe, usilipe: kata intaneti, ita fundi unayemwamini.