Jibu: TNF haishuki kwenye makrofeji
Salama mkuu. Umesema unaweka 3-oxo-C12-HSL (molekuli ya ishara ya bakteria Pseudomonas) kwenye makrofeji (seli za kinga) pamoja na LPS (kipande cha ukuta wa bakteria kinachoziamsha seli), lakini TNF, protini ya uvimbe unayotegemea ishuke, haishuki. Anza na seramu, majimaji ya damu yanayotiwa kwenye midia (maji ya kulishia seli). Ina kimeng'enya cha paraoksonesi kinachofungua pete ya laktoni iliyomo kwenye molekuli hiyo, na pete ikifunguka molekuli imekwisha kazi. Shusha seramu hadi asilimia 1. Kisha angalia pH: ikizidi 8 pete hufunguka yenyewe, na midia ikikaa mezani kwa joto hili la Dar, nje ya inkubeta, pH yake hupanda upesi (midia ikigeuka zambarau, mwaga). Stoku ya molekuli iyeyushwe kwenye DMSO (kiyeyushi) kavu, na kisima cha seli chenye DMSO tupu kiwepo cha kulinganishia. Usikimbilie dozi kubwa: kwenye mikromola 50 hadi 100 seli hufa, TNF inashuka, nawe unashangilia maiti.